Kabla ya Udaktari wa Meno: Kazi Ipi ya Utafiti Uichukue?

Wadogo zangu mnaoniuliza, nianze na la kuwakatisha tamaa: kwa vyuo vyetu vya hapa, kazi ya utafiti haikupi kiti. Muhimbili wanaangalia ufaulu wako wa Fizikia, Kemia na Biolojia. (Anayelenga Marekani ana hesabu nyingine, kule watu huanza na chuo cha kawaida, na barua za waliokufundisha zina uzito.) Kwa hiyo usikimbilie kazi kwa sababu itapendeza kwenye wasifu.

Mimi nilikuwa na shahada ya biolojia na nafasi mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza ni maabara, Mikocheni, kiyoyozi, mshahara wa kueleweka. Ya pili ni kujaza takwimu kwenye upimaji wa meno shule za msingi Temeke, posho ya siku, nauli juu yako. Mama akasema maabara, mjadala ukaisha.

Miezi mitatu nikabandika lebo kwenye vichupa vya damu. Kinywa cha mtu sikukiona. Na mshahara wenyewe, Bodi ya Mikopo ikishakata asilimia 15 yake, nami nikishapanda magari mawili kutoka Mbagala, ulikuwa mdogo kuliko nilivyotamba nyumbani. Fedha za mradi zilipochelewa, wa mkataba mfupi tukaondolewa kwanza. Nikawapigia wa Temeke nikiwa nimenywea. Bahati nzuri kuna mtu alikuwa ameacha.

Huko ndiko nilikojijua. Mtoto wa miaka 12 anakalishwa akiangalia dirisha ili mwanga uingie, daktari anasoma jino kwa jino: "Moja-sita, sifuri. Tatu-sita, moja." Namba mbili za mwanzo ni jina la jino, ya mwisho ni hali yake: sifuri ni jino zima, moja limetoboka. Mimi na kishkwambi changu najaza. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nasubiri tatu-sita na nne-sita kwa hofu, maana magego hayo ya chini ndiyo yaliyokuwa yameoza mara kwa mara. Huota mtoto akiwa na miaka kama sita, nyuma ya meno ya utoto, bila lolote kung'oka, basi mzazi anadhani nayo yatang'oka tu. Mama yangu naye alidhani hivyo. Langu moja halipo.

Harufu ya vinywa arobaini kabla ya saa nne asubuhi sitaieleza. Mwenzangu mmoja aliyekuwa na ndoto kama yangu alibadili mawazo hukohuko, sasa anasoma famasia na ana furaha zake. Bora yeye kuliko anayegundua akiwa mwaka wa tatu kati ya mitano.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, uliza utakaa karibu na nani kutwa nzima: daktari wa meno au jokofu? Uliza pia mkataba unaisha lini. Mimi sikuuliza. Chuo kilipofunguliwa nilikuwa bado nadaiwa takwimu za shule mbili, nikazimaliza kwa kutoroka vipindi vya asubuhi.