Maswali na Majibu: Kupamba Mashine ya Bisi kwa Stika

Barua za safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni upambaji wa mashine ndogo za bisi za nyumbani kwa stika za vinaili. Nimetanguliza swali la usalama, kwa sababu mashine hii, kabla ya kuwa pambo la mezani, ni chombo cha moto na cha chakula.

Nimenunua mashine ya bisi yenye kabati la kioo na sufuria ndogo inayoning'inia ndani. Binti yangu anatimiza miaka saba, nami ninataka kuibandika stika za jina lake na za maua. Je, ninaweza kuzibandika popote, hata kwenye sufuria na kwenye kioo kwa ndani? (Mama wa Uyole, Mbeya)

Hongera sana, mama, kwa kumlea binti hadi umri huo. Sufuria iache kabisa, na ndani ya kabati usibandike chochote. Punje ya bisi hupasuka pale maji yaliyomo ndani yake yanapogeuka mvuke na kulivunja ganda, jambo ambalo hutokea joto la punje linapofika nyuzi joto 180 hivi za Sentigredi, kwa hiyo sufuria yenyewe huwa na joto kubwa zaidi ya hilo. Vinaili ya stika ni plastiki ya aina ya PVC, ambayo huanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi. Ikizidishiwa joto hujikunja na gundi yake hulegea, na ikiungua hutoa moshi wenye asidi unaochoma macho na koo. Kioo kwa upande wa ndani kina hatari nyingine: mafuta yanayoruka hupenya chini ya kingo za stika, stika hubanduka kidogo kidogo, na kipande chake kinaweza kuangukia kwenye bisi ambazo mtoto huzichota kwa mkono na kuzitia mdomoni bila kuzitazama.

Mahali pa kubandika ni nje: ubavuni kwa chini, mbele chini ya mlango, na kwenye sehemu ya kioo iliyo mbali na sufuria. Ili uijue mipaka, washa mashine ukaange mikupuo miwili mfululizo kama utakavyofanya siku ya sherehe, kisha uguse nje kwa tahadhari, kwanza kwa mgongo wa vidole, halafu kwa kiganja. Mahali ambapo kiganja hakiwezi kutulia, stika nayo haitatulia. Paweke alama kwa utepe wa karatasi ambao wapaka rangi huutumia. Paa la kabati mara nyingi huwa na joto kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa hewa ya moto hupanda juu. Usizibe matundu ya hewa, hata yale madogo ya nyuma, wala usifunike kibao chenye maelezo ya umeme au onyo la joto. Kwa wasomaji wenye mashine zisizotumia mafuta, zinazopuliza hewa ya moto, ushauri wangu ni kubandika kwenye kitako tu.

Nilibandika stika mwenyewe mwezi Juni, jioni, baada ya kuifuta mashine kwa kitambaa kikavu. Asubuhi yake kingo zote zilikuwa zimenyanyuka. Je, stika zilikuwa mbovu? (Msomaji wa Njombe)

Kwa maelezo yako, ninaona stika hazina lawama. Zimekutana na baridi na mafuta kwa pamoja. Gundi ya stika hushika kwa kubonyezwa: inapaswa kuwa laini kiasi cha kuenea na kuingia kwenye vinyweleo vya chuma, na ikipoa chini ya nyuzi joto 10 hivi huwa ngumu na haienei. Ndugu zetu wa Njombe hawahitaji kuelezwa asubuhi za Juni na Julai zilivyo. Basi iweke mashine pamoja na stika ndani ya chumba chenye joto tangu usiku, ubandike mchana, na ukiona chuma bado ni cha baridi, kipashe kidogo kwa draya ya nywele.

Kitambaa kikavu nacho hakiondoi mafuta, bali huyatandaza. Osha sehemu ya nje kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, huku mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, ikaushe, kisha futa chuma kwa spiriti ukitumia kitambaa safi, na usiguse tena kwa vidole mahali ulipofuta. Wakati wa kubandika, usibandue karatasi yote ya mgongoni kwa mkupuo mmoja. Ikunje sentimita mbili tu upande wa juu, shikiza ukingo huo mahali pake, kisha endelea kuivuta karatasi taratibu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukisukuma kadi ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni. Kiputo cha hewa kikibaki, kitoboe kwa ncha ya sindano na ukibonyeze, badala ya kuinyanyua stika. Pembe kali huanza kubanduka kabla ya pembe nyingine, hivyo zikate kwa mviringo kwa mkasi kabla ya kubandika. Baada ya hapo acha saa 24 zipite ndipo uwashe mashine au uioshe.

Mlango wa mashine yangu si kioo, ni plastiki angavu. Je, spiriti itaudhuru? (Msomaji wa Kihesa, Iringa)

Inaweza kuudhuru. Plastiki ya akriliki ikifutwa kwa spiriti huweza kupata nyufa nyembamba kama nywele, ambazo haziondoki. Tumia maji na sabuni peke yake.

Fundi ana vinaili za aina mbili, na moja bei yake iko juu sana. Kuna tofauti ya kweli? (Msomaji wa Mafinga)

Ipo. Ile ya bei nafuu hutengenezwa kwa kukandamizwa na kuvutwa kati ya roli, na kwa sababu hiyo hujivuta irudi ilivyokuwa, hasa ikipata joto. Ile ya bei kubwa humwagwa ikiwa majimaji kisha hukaushwa, nayo huwa nyembamba na hufuata mikunjo vizuri. Kwa ubavu ulio bapa, na kwa sherehe moja, nunua ya bei nafuu bila wasiwasi.

Ninauza bisi mbele ya nyumba kwa mashine hiyohiyo. Je, ninaweza kubandika alama ya TBS na nembo ya timu yangu ili kuvuta wateja? (Msomaji wa Mwanjelwa, Mbeya)

Alama ya TBS usiibandike. Hutumiwa kwa leseni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kuibandika bila leseni ni kumdanganya mnunuzi kuhusu jambo linalogusa afya yake. Nembo ya timu ni mali ya klabu, na anayeitumia kibiashara anapaswa kuwa na kibali. Vivyo hivyo kwa picha za vibonzo, ambazo zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Mimi ningependa uandike jina lako la biashara kwa herufi kubwa, nyeupe au za njano, juu ya rangi nyekundu, maana nyeusi juu ya nyekundu hupotea machoni mtu akiwa mbali. Mashine nyingi nyekundu za nyumbani huiga mikokoteni ya zamani ya Marekani, ambako Charles Cretors alionyesha mashine yake ya bisi ya mvuke kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893.

Nimebandua stika za zamani, zimeacha gundi, na chini yake kuna kutu. Nifanyeje? (Msomaji wa Tukuyu)

Gundi ipake mafuta ya kula, uiache kwa dakika kadhaa, uisugue kwa kitambaa, kisha uoshe kwa sabuni. Petroli na tina visikaribie chombo cha chakula. Stika nyingine zipashe kwanza kwa draya, uzivute polepole. Kutu ya nje isugue kwa msasa laini, upake rangi ya kuzuia kutu, na kwa unyevu wa Rungwe uipe rangi hiyo siku kadhaa ikauke kabisa kabla ya kubandika tena. Kutu ikiwa imefika kwenye sufuria au kwenye sinia linalopokea bisi, kipande hicho kibadilishwe kabla ya mashine kukaanga tena, na stika zisubiri.