Paa la Mustang limekwama nusu: je, ni pampu?

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina Ford Mustang ya mwaka 1996 yenye paa la turubai linalokunjwa kwa umeme. Siku hizi nikibonyeza swichi pampu inanguruma, lakini paa hupanda hadi nusu na kusimama, nami hulazimika kulimalizia kwa mkono. Zulia lililo nyuma ya kiti cha nyuma lina madoa mekundu ya mafuta. Fundi wa hapa anasema ninunue pampu mpya, na bei aliyonitajia ni kubwa. Je, ni kweli pampu ndiyo mbovu, na naweza kuibadilisha mwenyewe? (Msomaji, Columbus, Ohio)

JIBU: Marahaba. Kazi yenyewe unaiweza ukiwa na spana za kawaida na mtu wa kukusaidia, lakini nakusihi usinunue pampu kabla hujajua mafuta yanatokea wapi, kwa sababu dalili ulizozieleza zinaonyesha kwanza upungufu wa mafuta, na mafuta hupungua kwa sababu ya uvujaji.

Pampu ya gari lako iko nyuma ya kiti cha nyuma. Mota yake huzunguka pande zote mbili: ikizunguka upande mmoja husukuma mafuta chini ya pistoni za silinda mbili zilizo kushoto na kulia, na paa hupanda, ikigeuka, mafuta huenda juu ya pistoni na paa hushuka. Mafuta yakipungua, pampu huvuta hewa, na kwa kuwa hewa hubanwa, nguvu huishia njiani.

Toa kiti, pangusa pampu, mipira inayopitisha mafuta na silinda mpaka vikauke kabisa, kisha tandika kadibodi nyeupe chini ya kila kimoja na kuendesha paa mara chache. Siku ya pili, doa jekundu litakuonyesha penye ubovu. Fimbo ya silinda ifute kwa karatasi laini: ikiacha rangi nyekundu, sili yake (kizuizi cha mafuta yasivuje) imekwisha, na hapo ni busara kubadilisha silinda zote mbili, kwa kuwa zina umri mmoja. Kama unyevu uko kwenye maungio ya mipira, huenda ukahitaji mpira mpya tu. Ukiukuta kati ya mota na tangi la mafuta la pampu yenyewe, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli.

Ipo sababu nyingine ambayo wengi huisahau, nayo ni fremu ya paa. Achanisha fimbo za silinda na fremu, kisha wewe na mwenzako linyanyueni paa kwa mkono. Likiwa zito au likikwama mahali palepale, tafuta bawaba iliyopinda au iliyokauka. Paa likiwa halijafungwa mbele, lizuieni kwa gongo imara, na asiwepo mtu anayeweka mkono kwenye bawaba huku mwingine yuko kwenye swichi.

Ukithibitisha kuwa ni pampu, toa waya wa hasi wa betri, funga utepe wenye alama kwenye kila mpira ili usikosee upande, tandika matambara ya kutosha, na uzibe ncha za mipira mara tu unapoifungua, maana chembe ndogo ya uchafu inatosha kukwaruza pampu mpya. Weka sili mpya kwenye maungio. Raba zilizoshikilia pampu ya zamani zikiwa zimechoka, zibadilishe pia, la sivyo mngurumo utasikika gari zima.

Mafuta ni yale ya giaboksi ya otomatiki, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kamwe usitie mafuta ya breki. Magari ya Marekani ya miaka ya 1940 yaliyatumia kwenye paa, na ndiyo maana ushauri huo bado unazunguka, lakini sili za gari lako zitavimba na kuharibika. Usilijaze tangi pomoni paa likiwa juu, kwani fimbo zikirudi ndani ya silinda husukuma mafuta kurudi tangini, nayo yatafurika.

Kisha toa hewa iliyobaki kwenye mafuta: washa injini ili betri isichoke, gari likiwa nje au mlango wa gereji ukiwa wazi, pandisha na kuteremsha paa taratibu mara kadhaa, na kila baada ya mzunguko angalia kiwango cha mafuta. Mafuta yenye povu bado yana hewa, yaache yatulie. Paa likifika mwisho, achia swichi mara moja, maana mota haikuundwa kukazana kwa muda mrefu. Kazi hii ifanye siku yenye joto, kwa sababu turubai la zamani likikunjwa kwenye baridi kali hupasuka kwenye mikunjo. Usirudishe kiti mpaka kadibodi imekaa siku mbili tatu bila doa.