Maswali yenu ya vichwa vya garimoshi: klasi 59, bata wa Uingereza na reli ya Madina

Assalam aleikum watu wangu wa pwani. Tangu nilipowasimulia habari za mjomba wangu aliyekuwa fayamani, yani mchochea moto wa kichwa cha treni, enzi za stimu, maswali yamenijia mengi, ya hapa Malindi, ya Lamu, hadi Mpeketoni. Malindi hatuna reli na hatujawahi kuwa nayo lakini mimi vichwa vya treni nimevipenda tangu utotoni, nikikaa barazani namsikiliza mjomba. Nayajibu moja moja, mengine kwa kirefu na mengine haraka.

Kila ukizungumza unasema klasi 59, klasi 60. Hiyo klasi ndo nini hasa? (Barani, Malindi)

Klasi ni vichwa vilivyojengwa kwa ramani moja, ndugu yangu. Unajua fundi wa majahazi akiunda vyombo vitano, hata awe stadi vipi hutapata viwili vinavyofanana kabisa, manake anaunda kwa jicho na mkono. Kwenye reli ni kinyume chake, kipuri cha hiki lazima kikae kwenye kile, ndo karakana ikaweza kufanya kazi. Reli ya Afrika Mashariki walikuwa na hesabu rahisi sana, tarakimu mbili za mwanzo ni klasi na mbili za mwisho ni namba ya kichwa chenyewe, kwa hiyo 5918 ni klasi 59 kichwa cha 18. Afu wakavipa majina. Klasi 29, 30 na 31 majina ya makabila, klasi 60 majina ya magavana, klasi 59 milima.

Hiyo klasi 59 mbona mnaisifu hivyo? Na ni kweli ilikuwa inapinda katikati? (Langoni, Lamu)

Hapa niacheni nikae kidogo.

Vichwa vya klasi 59 vilikuwa 34, vilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Kimoja kina uzito wa tani kama 252, urefu karibu mita 32, na hayo yote yanatembea kwenye reli yenye upana wa mita moja tu, yani hatua moja ndefu ya mtu mzima. Hakuna kichwa cha stimu chenye nguvu zaidi kilichowahi kujengwa kwa geji (upana wa njia) ya mita moja, dunia nzima, na kazi yake ilikuwa hapahapa kwetu, Mombasa kwenda Nairobi na kurudi.

Kwa nini kikawa kikubwa hivyo? Itazame njia yenyewe. Unatoka usawa wa bahari unapanda hadi zaidi ya mita 1,600 ndani ya kilomita kama 530, kona juu ya kona, na baada ya vita vya pili mizigo ilikuwa imejazana bandarini Mombasa haina wa kuiondoa. Sasa ukitaka nguvu unahitaji boila nene, yani tangi linalochemsha maji yawe stimu, lakini boila nene juu ya fremu moja ndefu kwenye kona kali halipiti, litang'oa reli.

Dawa yake alishaipata Mwingereza mmoja, Herbert William Garratt, alisajili ubunifu wake mwaka 1907, na vichwa viwili vya kwanza vya aina hiyo vilijengwa 1909 vikaenda Tasmania. Nyinyi wa Lamu mtaelewa upesi kuliko mtu yeyote. Mmeshabeba kitanda kwenye vichochoro vyenu? Mmoja mbele, mmoja nyuma, kitanda katikati. Wa mbele akifika pembeni anageuka, kitanda kinamfuata, wa nyuma naye anageuka kwa wakati wake. Garratt ndo hivyohivyo, mbele kuna injini yenye magurudumu na silinda zake, nyuma kuna nyingine, na boila limening'inia katikati kwenye fremu iliyoegemea huku na huku kwa pivoti, yani ekseli ya kuzungukia. Chini ya boila hakuna gurudumu hata moja, kwa hiyo linaweza kunenepa litakavyo na tanuri likashuka chini vizuri likapata hewa. Klasi 59 ina magurudumu 28, na 16 kati yake ndo yanayosukumwa na stimu. Ilikuwa inavuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita mia.

Halafu havikula makaa, vilikula mafuta mazito. Mjomba alikuwa akinisimulia habari ya mchanga. Mafuta yakiungua yanaacha masizi kwenye mabomba ya boila, stimu inaanza kuwa nzito kupanda, basi fayamani anachota mchanga mkavu kwenye kopo, anausogeza kwenye tundu la mlango wa tanuri, na kichwa kinapovuta kwa nguvu ule mchanga unafyonzwa wote puu, unapita kwenye mabomba unakwangua masizi, na juu unatoka moshi mweusi ti. Mjomba alikuwa na kovu la mviringo kwenye kifundo cha mkono wa kulia, mahali ule mlango ulipomgusa. Kila akifika kwenye mchanga alikuwa analisugua kwa kidole gumba bila kujijua.

Na safari zile ndefu zilikuwa na timu mbili, moja inaendesha na nyingine imelala kwenye behewa lao nyuma ya kichwa, wanapokezana. Kulala pale mjomba alisema unazoea, ila kichwa kikisimama tu unashtuka.

Tulikuwa tunabishana kwenye kahawa. Big Boy ya Marekani na klasi 59, nani mbabe? (Shela, Malindi)

Kwa nguvu tupu ni Big Boy, tuseme ukweli. Nguvu ya kuvuta ya klasi 59 ni kama tatu ya tano ya Big Boy. Vichwa vya Big Boy vilijengwa 25 kati ya 1941 na 1944, kazi yake kupandisha mizigo kwenye milima ya Utah na Wyoming, na kimoja, namba 4014, kilifufuliwa 2019. Lakini Big Boy inatembea kwenye geji ya milimita 1,435, klasi 59 kwenye 1,000. Huwezi kushindanisha jahazi na mtumbwi ukasahau kina cha maji. Kwa upana wa njia yake mimi naipa klasi 59, na sibadilishi.

Garimoshi la stimu lililokimbia kuliko yote ni lipi? (Mkomani, Lamu)

Mallard, namba 4468, klasi A4 ya Uingereza, mchoro wa mhandisi Nigel Gresley. Julai 3, 1938 kwenye mteremko wa Stoke kilifika kilomita 203 kwa saa. Wajerumani walishafika 200.4 mwaka 1936, kwa hiyo ilikuwa ni kuwapita kwa unyoya tu, na mteremko ulisaidia. Jina Mallard ni aina ya bata mwitu, na klasi ile ina ndege wengi kwenye majina yake. Vilijengwa 35, vimebaki sita.

Kinachonigusa mimi zaidi ni beringi. Kichwa kile kina silinda tatu, na ile beringi kubwa ya silinda ya katikati ilipata moto kwenye mbio zile, wakalazimika kukiachisha njiani Peterborough na kufunga kichwa kingine. Rekodi imepatikana, chuma kimeumia. Sasa kipo makumbusho ya York.

Babu yetu alikuwa akisema zamani watu walienda Madina kwa treni. Ni kweli au ni hadithi za wazee? (mwalimu wa madrasa, Lamu)

Ni kweli kabisa maalim, babu hakukosea. Sultan Abdulhamid wa pili wa Uturuki aliianzisha reli hiyo mwaka 1900, pesa nyingi zikachangwa na Waislamu wa nchi mbalimbali, na mwaka 1908 garimoshi likaingia Madina kutoka Damascus, kama kilomita 1,300. Safari ya ngamia ya siku 40 hivi ikawa ya siku chache tu. Makka haikufika kamwe.

Geji yake si ya kawaida, milimita 1,050, na vichwa vingi vilitoka Ujerumani. Havikuwa vikubwa, wala visingeweza kuwa vikubwa manake jangwa halina maji wala kuni, ikabidi kila treni iburute matangi yake ya maji nyuma. Mhandisi mkuu alikuwa Mjerumani, Meissner, lakini kutoka Al-Ula kuelekea Madina kazi ilishikwa na wahandisi Waislamu. Kisha vikaja vita vya kwanza, reli ikavunjwa na kulipuliwa vipande vipande, na upande wa Madina haukufufuka tena. Steshen ya Madina mpaka leo imesimama, imekuwa makumbusho. Ukijaaliwa kwenda Hijja au Umra uliza, si mbali na Msikiti wa Mtume, na ukiona kichwa cha zamani pale niombee dua na mimi nifike.

Hayo maji ndo nauliza. Kichwa cha stimu kinapitaje sehemu kavu kama Taru? (Malindi mjini)

Kwa shida. Wakati reli yetu inajengwa Taru maji yalipelekwa kwa treni hiyohiyo, kwa ajili ya watu na vichwa. Kwa kawaida stimu ikishafanya kazi kwenye silinda inapulizwa nje kwenye dohani, ndo ule mlio wa chufu chufu, na hayo yote ni maji yamepotea hewani.

Afrika Kusini walikuwa na Karoo, kame vilevile, wakatengeneza klasi 25, vichwa 90, kati ya 1953 na 1955. Stimu iliyotumika ilirudishwa kwa bomba hadi kwenye tenda, lile gari la maji na makaa linalofungwa nyuma ya kichwa, ikapozwa kwa feni, ikawa maji tena, ikarudi kwenye boila. Waliokoa hadi asilimia 90 ya maji. Tenda lenyewe lilikuwa refu kuliko kichwa! Na kwa kuwa hakuna stimu ya kuvuta moshi juu, dohani ikawekewa feni, kwa hiyo kichwa kile hakikusema chufu chufu, kililia wiii muda wote. Tatizo likawa matengenezo, feni na mabomba vyote vinataka mtu wa kuviangalia, na baadaye karibu vyote vilibadilishwa vikawa vya kawaida.

Kuna treni inaitwa Mamba? Kijana wangu ananiambia. (Gede)

Ipo dada, ya Uswisi, klasi Ce 6/8 II, ya umeme, kuanzia 1919. Pua ndefu mbele na nyuma, ndani yake mna mota, na chumba cha katikati kimeungwa kwa viungo kipinde kwenye kona za mlima wa Gotthard. Uswisi haina makaa ya mawe lakini maporomoko ya maji inayo, ndo wakakimbilia umeme mapema. Na kikishuka mlima kile kichwa kinarudisha umeme kwenye waya. Mwambie kijana yuko sawa.

Treni itafika Lamu lini? Na pwani yetu iliwahi kuwa na reli nyingine? (wengi)

Reli ya bandari ya Lamu ipo kwenye mpango tangu mradi uzinduliwe Machi 2012, bandari imeanza kupokea meli 2021, reli bado. Siwezi kuwapa tarehe ya kitu ambacho hakijatandikwa.

Ya zamani ipo. Mombasa watu walipanda trole, kikalio chenye kivuli juu ya reli nyembamba, kinasukumwa na vijana wanaokimbia nyuma. Na Unguja kulikuwa na treni ya Bububu kuanzia 1905, kama kilomita 11 kutoka mjini, inapita katikati ya maduka.

Nataka mwanangu akione kichwa cha klasi 59 kwa macho. Niende wapi? (Watamu)

Makumbusho ya reli Nairobi, karibu na steshen ya zamani. Viko viwili, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, yote milima ya Tanzania. Nendeni asubuhi kabla chuma hakijashika jua, mimi nilienda saa saba mchana nikaweka kiganja kwenye kishikio cha ngazi nikakitoa mbio. Mpandishe kwenye chumba cha dereva aone vile vali vilivyojazana mbele ya macho. Afu mshushe, mwanzishe kichwa cha mbele kabisa, atembee polepole hadi mwisho akihesabu magurudumu. Upande mmoja akipata 14, hajaruka hata moja.