Maswali ya Wasomaji: Nililelewa na Kazi, Sasa Siwezi Kukaa

SWALI: Shikamoo mshauri wetu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 44 na naishi Dar es Salaam. Nilizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, nikiwa mtoto wa kwanza kati ya sita. Tangu nilipokuwa darasa la tatu niliamka kabla ya jua kwenda kuteka maji mferejini na kukata majani ya ng'ombe, na msimu wa kahawa ulipofika tulichuma kila tulipotoka shule, kisha tukamenya kwa mashine ya mkono hadi usiku kwa mwanga wa kandili. Siwalaumu wazazi wangu, kwa sababu wao walifanya kazi kutushinda. Leo mimi ni mhasibu, nafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba, ni mweka hazina wa kikoba chetu, na nyumbani kukiwa na jambo lolote ni mimi ninayepigiwa simu kwanza. Tatizo langu ni kwamba nikikaa tu, hata Jumapili mchana, nahisi kama mtu anayeiba. Mume wangu anasema nyumba yetu haina utulivu, na hivi karibuni nimegundua kwamba watoto wakisikia geti likifunguliwa huinuka upesi kwenye makochi na kujifanya wana shughuli. Je, malezi yale yalinijenga au yaliniharibu? Na wanangu niwafundishe kazi kwa namna gani?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Umeuliza kama malezi yale yalikujenga au yalikuharibu, nami nakuomba tuliache kwanza swali hilo la kuchagua upande mmoja, tuitazame kazi yenyewe uliyokuwa ukiifanya, kwa sababu naamini jibu limo humo.

Kahawa ni zao lisilosubiri. Buni ikishachumwa ikiwa mbivu inapaswa kumenywa siku ile ile, vinginevyo huanza kuchacha ndani ya ganda lake na ubora wake ukashuka. Ikishamenywa hulowekwa ili ule utelezi uachie, huoshwa kwa maji safi, halafu huanikwa kwa siku kadhaa huku mtu akiichambua, akiigeuza, na akiifunika kila wingu linapotanda. Kwa hiyo mtoto aliyekulia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba ya Mchaga, hakuambiwa tu kwamba uvivu ni mbaya. Alifundishwa na zao lenyewe kwamba kazi ya leo haivuki usiku, na kwamba hata anapocheza, sikio moja lazima libaki kwenye mawingu. Funzo hilo lilikuwa sahihi kabisa pale lilipotolewa. Sasa uko ofisini, ambako taarifa nyingi za fedha zinaweza kungoja hadi Jumatatu bila kuharibika, lakini mwili wako bado unaupokea kila ujumbe wa simu kana kwamba ni debe la mbivu lililofikishwa uani jioni.

Tena kumbuka ulikulia miaka gani. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote, na wakulima wa Kilimanjaro, ambao tangu kuanzishwa kwa KNCU, chama chao kikuu cha ushirika wa kahawa, mwaka 1933 walikuwa wamezoea kusomesha watoto kwa fedha za kahawa, wakajikuta wakifanya kazi ile ile kwa malipo madogo zaidi. Ulikuwa shule ya msingi wakati huo, na ada ya shule ya msingi ilikuwa bado haijafutwa, kwani ilifutwa mwaka 2001. Mtoto wa kwanza katika nyumba ya namna hiyo hachumi kahawa tu. Anasikia wazazi wakihesabu malipo ya awali kutoka chama cha msingi cha ushirika, anajua kama malipo ya pili yamechelewa, na bila kuambiwa na mtu anaanza kujiuliza ni nani kati ya wadogo zake atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nina hakika kwamba uzito mkubwa ulioubeba haukuwa wa debe la kahawa wala wa majani ya ng'ombe, bali wa wasiwasi huo. Mikono ya mtoto hupumzika akilala, lakini wasiwasi wa mtu mzima aliokabidhiwa mtoto haulali naye.

Wataalamu wa familia wamelitazama jambo hili kwa muda mrefu. Ivan Boszormenyi-Nagy na mwenzake Geraldine Spark, walioandika mwaka 1973, walieleza jinsi mtoto anavyoweza kuwekwa kwenye nafasi ya mzazi ndani ya nyumba, na Boszormenyi-Nagy alisisitiza kwamba jambo hilo si lazima limdhuru. Linaloleta madhara ni pale anachokitoa mtoto kinapozidi umri wake, kinapoendelea bila mwisho, na kisipotambuliwa na yeyote. Mtoto aliyeambiwa, hata mara moja tu, kwamba bila yeye wasingefika Desemba, hukua akiwa na deni dogo zaidi moyoni kuliko yule aliyefanya mengi zaidi lakini yakahesabiwa kuwa ya kawaida.

Upo pia ushahidi kutoka karibu na kwetu ambao nadhani utakusaidia kujielewa. Katikati ya miaka ya 1950 watafiti Robert na Barbara LeVine waliishi miongoni mwa Wagusii wa magharibi mwa Kenya, na uchunguzi wao wa watoto ulilinganishwa na ule wa jamii nyingine tano, zikiwamo za India, Ufilipino na kaskazini mashariki mwa Marekani. Beatrice na John Whiting, walioongoza kazi hiyo, waligundua kwamba pale ambapo akina mama walikuwa na kazi nyingi na watoto walisaidia kwa kweli, kwa kulea wadogo zao na kuchunga mifugo, watoto walielekea zaidi kuwasaidia wenzao na kuwahimiza kutimiza wajibu, ilhali wale wa Marekani, ambao kazi zao za nyumbani zilikuwa chache, walielekea zaidi kutafuta msaada na kutaka kutazamwa. Zingatia hapo kwenye kuhimiza wajibu. Msichana aliyezoezwa kuona kisichofanyika na kukitaja kwa wadogo zake hakuiacha tabia hiyo Marangu, na ndiyo maana watoto wako huinuka kwenye makochi. Pengine hujawagombeza, lakini wanakuona ukiingia na macho yakizunguka sebuleni kutafuta kilichobaki, nao wanaelewa.

Hata hivyo, kuna jambo moja katika barua yako ambalo hukuliandika, na kwangu hilo ndilo kiini. Kazi ya utotoni mwako ilikuwa na mwisho, na mwisho huo ulisimamiwa na mtu mwingine. Kahawa ilichumwa kuanzia katikati ya mwaka hadi kukaribia Krismasi, kisha ikaisha. Jumapili mlikwenda kanisani na mashine ya kumenya ilinyamaza. Usiku mama alisema basi, nendeni mkalale, nanyi mkaenda, kwa sababu neno lake lilimaliza kazi hata kama debe moja lilikuwa limebaki. Tena mlikuwa wengi: mmoja akizungusha mashine, mwingine akimimina maji, mwingine akisimulia hadithi ili mdogo asisinzie. Ulipohamia mjini uliichukua bidii yote ya nyumbani, lakini hukuweza kuja na msimu, wala na wale wenzako, wala na yule aliyekuwa na mamlaka ya kusema basi. Siamini kwamba kazi nyingi ndiyo inayokuchosha hivyo. Naamini unachoka kwa sababu unafanya kazi ya familia nzima ukiwa peke yako, katika msimu usiofungwa.

Kwa hiyo sitakushauri upumzike, maana umekwisha kuambiwa hivyo na mumeo mara nyingi na hakuna kilichobadilika. Nakushauri utafute wa kukufungia msimu. Mwombe mume wako ashike mamlaka hayo kwa jambo moja linalotajwa waziwazi, kwa mfano hesabu za kikoba zisiguswe baada ya chakula cha jioni, na ukubali neno lake lisimame hata pale unapoona yeye haelewi. Kuku wa nyama wana desturi nzuri ya kuuzwa kwa mkupuo, kwa hiyo kuku wa banda zima wakishauzwa, liache tupu kwa muda kabla ya kuingiza vifaranga wengine, jambo ambalo hata wataalamu wa mifugo hulishauri kwa ajili ya kuzuia magonjwa. Ukimaliza uongozi wa kikoba, usigombee tena. Wadogo zako nao ni watu wazima sasa, na mnaweza kukaa mkapanga nani anapigiwa simu kwa jambo gani, ingawa nakutahadharisha kwamba mwanzoni utaumia kuliko wao, kwa sababu kupigiwa simu kwanza kumekuwa sehemu ya heshima yako.

Jambo la mwisho kwa upande wako, ambalo nalipa uzito kuliko yote: kama mama yako yu hai, mkumbushe miaka ile, si kwa lawama, bali umuulize ilikuwaje. Muulize alikuwa akihofia nini, na kama alikuona. Wazazi wengi wa kizazi hicho hawakuwa na desturi ya kumshukuru mtoto, lakini wakiulizwa kwa upole hukumbuka kila kitu, pamoja na siku ambayo ulikwenda kuchuma ukiwa na homa. Na endapo usingizi unakukimbia au moyo unakwenda mbio ukiwa umetulia, nenda hospitali ukapimwe, usiyahesabu hayo kuwa tabia yako tu.

Kuhusu watoto, tafadhali usiwanyime kazi kwa kuogopa yaliyokupata. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu chake cha 31, unautaja waziwazi wajibu wa mtoto wa kuwasaidia wazazi wake panapohitajika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, nao katika kifungu cha 31, unatambua haki yake ya kupumzika na kucheza. Mtoto anahitaji vyote viwili katika siku ile ile. Wape kazi ambayo nyumba inaihitaji kwa kweli, isiwe ya kuwashughulisha tu wala ya adhabu. Fanyeni pamoja nawe ukiwamo. Kama una wavulana, wapike na kufua sawasawa na dada zao. Kazi ikiisha, uwe wa kwanza kukaa kwenye kochi, tena ukae mbele yao.

SWALI: Mimi ni kijana wa Tanga. Nilikulia katika hoteli ndogo ya chakula ya wazazi wangu, nikiosha vyombo na kuhudumia wateja tangu nikiwa na miaka tisa, na sikuwahi kulipwa chochote. Sasa nina duka langu la vifaa vya umeme lakini siwezi kumwachia msaidizi hata kwa nusu saa, na nafungua siku zote saba. Je, ni kwa sababu nilidhulumiwa?

JIBU: Ndugu yangu, sidhani kwamba dhuluma ndiyo inayokufungia dukani. Katika biashara ya familia malipo ya mtoto huingia kwenye ada, sare na sahani ya chakula, na kama kwenu haikuwa hivyo, au kama uliacha shule kwa ajili ya hoteli, basi una haki ya kuliona hilo kuwa kosa na kulizungumza na wazazi. Lakini la msaidizi lina chanzo kingine. Wewe ulijifunza biashara kwa kutazama. Hakuna aliyekuambia namna ya kumtambua mteja atakayekimbia bila kulipa, ulijua tu, na kwa kuwa hukufundishwa kwa maneno, huwezi kumfundisha mwingine kwa maneno. Unamwona kijana wako kuwa mzembe kumbe hajaambiwa. Andika kwenye daftari mambo ambayo ungependa ayajue: bei ya chini ya kila kifaa, nani anakopeshwa na kwa kiasi gani, fedha za jioni zinahesabiwaje na nani anatia saini. Kisha mwachie duka kwa muda mfupi siku isiyo na wateja wengi, urudi mhesabu pamoja. Ufunguo mpe baada ya hapo.

SWALI: Mimi nakaanga chipsi barabarani hapa Mbeya. Binti yangu wa miaka 13 hunisaidia hadi saa nne usiku, na majirani wanasema navunja sheria. Mimi nilikua hivyo hivyo na sikufa.

JIBU: Mama, majirani hawakukosea kukutahadharisha. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kufanyishwa kazi, tena kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na inakataza kazi ya usiku kwa mtoto, yaani kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Najua kwamba jioni ndipo wateja wako wanapokuja na kwamba huna wa kumlipa. Lakini kazi inayohitaji mkono wa pili si yote ya usiku. Kusaidia kidogo kumenya viazi na kukata kachumbari anaweza kufanya nyumbani alasiri akishatoka shule na kumaliza masomo yake, kama sehemu ya kazi za nyumbani. Giza linapoingia abaki ndani pamoja na mtu mzima unayemwamini. Kwa saa hizo za usiku, zungumza na mwenzako anayeuza karibu nawe, mpeane zamu ya kulindiana meza na kupokeleana fedha.