Wadogo zangu, purascharana kwanza

Nyie mliopewa diksha karibuni, yaani mlioingizwa na guru, mwalimu wa kiroho, nimewatazama hapa ghatini, kwenye ngazi za mto Ganga, Varanasi na roho inaniuma. Asubuhi mtu anapokea mantra, maneno matakatifu ya kukaririwa, jioni anauliza: "Nikiisoma mara ngapi nitapata kazi?" Kutaka kazi si dhambi. Mantra za kamya, za kuomba haja fulani, zipo na wazee waliziandikia vitabu. Mahidhara alimaliza kitabu chake cha mantra, Mantramahodadhi, hapahapa Kashi (ndiyo Varanasi) mwaka 1588, na sura yake ya mwisho, ya 25, inahusu shatkarma, matendo sita ya kutumia mantra. Ila makosa ni yaleyale kila kundi, basi nayasema.

1. Purascharana, yaani kuikariri mantra idadi iliyowekwa pamoja na ibada zake za kufunga, ndiyo inayoiamsha mantra; prayoga, kuitumia kwa ombi lako, hufuata. Ukianza na prayoga unaomba mkopo benki ambako hujafungua hata akaunti.

2. Sankalpa, kiapo cha nia, itamkwe yote: mahali, tithi (siku ya mwezi mwandamo), jina, gotra (ukoo), unachoomba na idadi unayoahidi. Usiyejua gotra yako, taja Kashyapa.

3. Hesabu. Hapa mnivumilie. Kijana mmoja tunayempenda sana alichukua panchakshari, mantra ya mungu Shiva, Namah Shivaya, akitaka biashara ya baba yake iliyofilisika isimame tena. Silabi tano, laki moja kwa kila silabi: 500,000. Mala, uzi wa shanga 108, kila mzunguko tunauhesabu 100, zile nane hufidia makosa ya ulimi, kwa hiyo mala 5,000. Akipiga 50 kwa siku, anamaliza siku 100. Alianza vizuri. Kisha wanaowadai wakazidisha simu, naye akazidisha mala: leo 80, kesho 120. Asubuhi moja nilikaa nyuma yake nikasikiliza. Visarga, ile pumzi ya h mwishoni mwa "Namah", ameimeza. Kidole cha shahada, ambacho hakitakiwi kugusa shanga, ndicho kinachozisukuma. Akifika meru, shanga kuu isiyovukwa, hageuzi mala, anairuka tu. Kesho yake yuko hoi, hakuamka kabisa. Na mnaijua kanuni: idadi ya kila siku ni ileile, haizidi wala haipungui, na siku haikatiki.

Akatimiza laki tano zake kabla ya wakati, akaja uso umemchangamka, anataka kuanza prayoga siku hiyohiyo. Homa, sadaka za samli motoni, 50,000? Hajafanya, hela ya samli hana. Tarpana (kumimina maji ya sadaka) 5,000, marjana (kunyunyiza maji ya kutakasa) 500, kuwalisha brahmana (makuhani) 50? Hata hakuwa amevipangia. Guru alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudi kwenye shanga ya kwanza. Kijana alilia pale mbele yetu, na wengi wetu tulishindwa kumtazama, maana nia yake ilikuwa safi. Madeni ndiyo yaliyomkimbiza. Kinachouma zaidi, njia ilikuwepo. Asiyemudu homa huruhusiwa kuifidia kwa japa, yaani kukariri mantra, maradufu ya hesabu ya homa, na guru humpangia. Angeuliza tu! Jamani, ulizeni. Hakuna guru aliyemfukuza mtu kwa kuwa maskini wa samli.

4. Shanga za mala: rudraksha (mbegu za mti) kwa Shiva, tulasi (mrehani mtakatifu) kwa Vishnu, mbegu za yungiyungi kwa Lakshmi. Mala ikae ndani ya gomukhi, kifuko cha kufichia mkono, na usimwazime mtu, hata mkeo.

5. Anzeni na upamshu: midomo icheze, jirani asisikie. Japa ya moyoni Manu, mtunga sheria wa kale, ameiweka juu zaidi, lakini kwa mgeni akili huondoka kwenda sokoni na vidole vikaendelea kuhesabu.

6. Mnaoniulizia vashikarana, mantra za kumtiisha mtu akupende, acheni. Binti amekataa, amekataa, na mungu si wakala wa kumlazimisha. Hayo mapishi mnayoyanakili kwa siri yametoka katika sura ileile ambamo Mahidhara anaonya kwamba afanyaye kamya, ya heri au ya shari, mantra humgeuka ikawa adui yake. Onyo hilo mbona hamlinakili? Kwangu mimi, katika sita zile za shatkarma, shanti, ya kutuliza maradhi na balaa, peke yake ndiyo nitakayomsaidia mtu. Mwenye mama mgonjwa aje na sankalpa yake imeandikwa, kabla jua halijachomoza. Nitakaa naye tuhesabu pamoja mpaka amalize.