Usinunue chambo kingine, pima tope kwanza

Weka hiyo pesa mfukoni. Umeshinda wikendi nzima ukingoni mwa ziwa Naivasha upande wa Karagita na chubwi (ile risasi ya kuzamisha uzi) ya gramu 120, uzi wa ndoano, yaani ule wa kutoka chubwi hadi ndoano, sentimita 10, na ugali wenye vanila. Hakuna samaki wa karpi aliyegusa, na sasa unauliza kama uagize vidonge vya chambo kutoka Uingereza. Ndugu yangu, usiagize! Chambo chako hakina kosa. Hakuna samaki aliyekiona, kwa sababu kimezikwa.

Nalijua hilo kwa sababu nilivua hivyo hivyo msimu mzima. Kila nikirudi mikono mitupu nilikwenda kwa muuzaji yule yule wa vifaa, naye kila mara alikuwa na jibu: safari hii ongeza vanila, safari hii weka asali, safari hii kuna unga maalumu umeingia jana. Hajawahi kuniuliza sakafu ya ziwa pale ninaporusha ikoje. Hata mara moja! Yeye ndiye aliyeniuzia chubwi nzito na uzi mfupi, akinieleza kwamba samaki akinyonya chambo uzito wenyewe utamchoma ndoano. Kwenye changarawe au udongo mgumu maneno hayo ni kweli. Kwenye tope laini, chubwi ya gramu 120 inashuka kama jiwe, inatoboa, na ule uzi wa sentimita 10 unaifuata chini pamoja na ugali wako. Mtu anayeuza vifaa vya uvuvi mwendo wa saa mbili kutoka Naivasha anajua, au anapaswa kujua, kwamba ziwa lile limejaa tope.

Lakini hasara kubwa haikutoka dukani. Ilitoka kwa mtu wa mashua. Nilimlipa anipeleke upande wa kaskazini, kule mto Malewa unakoingia, kwa kuwa nilisikia karpi wanaruka sana huko. Ni kweli walikuwa wakiruka, tena wakubwa. Akaniambia nimwage gunia lote la mahindi yaliyochemshwa pale pale, “wataona karamu.” Nilikuwa nimeyaloweka siku nzima, nikayachemsha hadi yakapasuka. Nikamwaga yote. Nikarusha katikati yake, nikakaa hadi jioni, nikarudi kesho yake nikakaa tena.

Jua lilipokuwa linazama nikakivuta chambo polepole. Ugali ulikuwa mweusi hadi ndani, na harufu ya yai bovu ilinipanda puani kabla sijaushika. Nikaubonyeza kwa kidole: haukuwa na alama yoyote. Ujue Naivasha kuna kamba wa maji baridi, wale wenye asili ya Marekani walioletwa ziwani mwaka 1970, na hao hutafuna chochote kinachofika chini. Hata wao hawakuugusa! Ndipo nikaelewa kwamba mahindi yangu yote yalikuwa yameingia mahali pasipo na kiumbe anayekula. Pesa ya mashua, pesa ya mahindi, siku mbili za likizo. Na yule bwana bado alinishauri nibadilishe chambo.

Tope si moja, na hili ndilo ninalotaka ulishike hata ukisahau mengine yote. Kuna tope jeusi, la majani na mafunjo yaliyooza kwa miaka. Uozo umemaliza hewa yote, gesi imejaa, na wadudu wanaoliwa na karpi ni wachache mno au hawapo kabisa. Kuna tope la kijivu au la kahawia, laini vile vile lakini halinuki, na ndani yake mna viluwiluwi vyekundu vyembamba ambavyo karpi huvipenda kuliko unga wowote wa dukani. Karpi hula kwa kuchokonoa: anachomoa mdomo, ananyonya tope, anachuja kilicho chakula, anatema kinachobaki. Kwenye uozo hana cha kupata akifanya hivyo, ila anaweza kabisa kuruka juu yake akielekea anakokula. Kuruka si kula.

Kwa hiyo ukifika, usifunge ndoano. Funga chubwi peke yake, ikiwezekana kwenye uzi wa kusuka, maana ule wa nailoni huvutika na kukudanganya. Rusha, na kabla chubwi haijagusa maji zuia uzi kwa kidole, uache ishuke ukiwa umekaza. Sikiliza kwa mkono. Ikigota na fimbo ikashtuka, umepata sakafu ngumu. Ikitua bila wewe kuhisi lolote, ni tope. Sasa vuta taratibu: ikikwama kisha ikaachia kwa uzito kama mwiko unaotoka kwenye sufuria ya ugali, tope hilo ni refu na hapo usipoteze muda. Ikiteleza kwa ulaini tu, kina chake si kikubwa, hapo panavulika. Kisha ilete mkononi, tazama kilichoganda juu yake na uinuse. Ndiyo, inuse. Ikiwa nyeusi na inanuka, sogea hatua ishirini kando ya ukingo, rusha tena. Nimeona mahali ambapo mita chache tu zinatenganisha uozo na tope safi.

Tafuta pia yale maeneo yaliyokuwa nchi kavu kabla ya ziwa kupanda. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakirudi juu, na 2020 yakafika hadi kwenye nyumba za watu kule mtaa wa Kihoto. Chini ya maji hayo kuna malisho ya zamani na njia za murram, na tope lake bado ni jembamba. Miti ya migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini inakuonyesha ukingo wa zamani ulipokuwa. Ila usirushe katikati yake, kuna nyaya za ua zilizozama pamoja na miti.

Mapovu nayo yatazame vizuri. Mapovu makubwa yanayotoka mahali pale pale, yakatulia, yakatoka tena, ni gesi ya uozo. Mapovu madogo madogo yanayotembea, na maji yanayochafuka nyuma yake, huyo ni karpi yuko kazini. Tega mbele ya njia yake, usimrushie kichwani.

Ukishapata tope safi, ndipo uguse vifaa. Hiyo ya gramu 120 mrudishie aliyekuuzia. Tumia chubwi bapa ya gramu 40 hadi 60, uitundike kwenye kiuzi chake cha pembeni ili izame yenyewe bila kuvuta mshipi. Uzi wa ndoano uwe mrefu kuliko kina cha tope: kama chubwi imerudi na tope hadi sentimita 15, weka 35 au 40. Kwenye ndoano tia punje mbili za mahindi na kipande kidogo cha sponji ya ndara kuukuu, ukikipunguza kwa wembe hadi chambo kishuke polepole sana na kukaa juu ya tope badala ya kulizamia. Kijaribu kwenye ndoo ya maji kwanza. Na chakula cha kuwaita kiwe konzi chache tu, si gunia. Karpi wa Naivasha hawahitaji karamu. Walishuka na Malewa, wakaanza kuonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia 2010 ndio waliojaza nyavu za wavuvi. Wapo wengi. Shida ni kukifikisha chambo mahali wanapoinamisha kichwa.

Umeuliza pia kuhusu kuvua usiku. Hapana. Viboko hutoka kula giza likiingia, na ukingo unaoukalia ndio njia yao. Wameua watu pale. Kusanya vitu vyako jua likiwa bado juu, hata kama mapovu yanatembea mbele yako.

Wikendi ijayo, kabla hujafungua ndoo ya mahindi, piga picha ya lile tope lililoganda kwenye chubwi uiweke hapa, na useme linanuka au halinuki. Nitakuwa na simu mkononi tangu asubuhi.