Namba Iliyonituliza kwa Miaka Mitatu

Mwaka niliotimiza miaka 41 tulipimwa afya kazini. Muuguzi alinipandisha kwenye mizani akaandika kilo 69.5, akanisimamisha ukutani akaandika sentimita 168, kisha akabonyeza kikokotoo na kuniambia kwamba BMI yangu, yaani namba inayolinganisha uzito na urefu, ni 24.6, kwa hiyo niko kawaida. Niliondoka na furaha, kwa kuwa wenzangu wengi waliambiwa wamezidi. Kwa miaka mitatu iliyofuata, kila mkanda wa suruali ulipohitaji tundu jipya, niliikumbuka karatasi ile na kutulia.

Utulivu huo uliisha asubuhi niliyomsindikiza mama kliniki ya presha huku Temeke. Tukiwa tunasubiri, nikaomba nami nipimwe, nikakutwa na presha ya 156 kwa 98, ilhali sikuwa naumwa kichwa wala kusikia kizunguzungu. Nilirudishwa siku nyingine mbili ili wahakikishe, na presha ilibaki juu. Sukari, niliyopimwa kabla ya kula chochote, ilikuwa 6.4: haijafika 7.0 ambayo ni kiwango cha kisukari, lakini imeshavuka 6.1, mahali ambapo tahadhari inaanzia. Daktari hakuniuliza uzito wangu. Alichukua tepu kama ya fundi cherehani, akanizungushia kiunoni, ikasoma sentimita 97.

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu mzima ambaye amewahi kuambiwa namba yake ya BMI, iwe nzuri au mbaya, na akadhani ameshaambiwa habari yote ya afya yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Unachukua urefu wako kwa mita, unauzidisha kwa wenyewe, kisha unagawanya uzito wako wa kilo kwa jibu ulilopata. Kwangu, 1.68 mara 1.68 ni 2.82, na 69.5 ukigawanya kwa 2.82 unapata 24.6. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, chini ya 18.5 ni uzito pungufu, kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Viwango hivi ni vya watu wazima. Watoto wana chati zao zinazofuata umri na jinsia, na mama mjamzito hapaswi kujipima kwa hesabu hii.

Asili ya kipimo hiki inaeleza uwezo wake na mipaka yake. Aliyeanzisha hesabu hii katika karne ya 19 ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtaalamu wa hisabati na nyota, ambaye hakuwa daktari na wala hakuwa akitafuta mgonjwa. Alitaka kujua mtu wa wastani katika jamii ana umbo gani. Jina la sasa lilikuja mwaka 1972 kupitia Ancel Keys wa Marekani na wenzake, waliokuwa wakilinganisha makundi makubwa ya watu. Kwa kazi hiyo kipimo kinafaa sana: ukiwachukua watu elfu moja wenye BMI ya 33 na wengine elfu moja wenye 23, kundi la kwanza litakuwa na wagonjwa wengi zaidi wa kisukari, presha, kiharusi na magoti. Lakini anayekaa mbele ya daktari ni mtu mmoja, na mizani haiwezi kueleza katika kilo zake ni ngapi za misuli, ni ngapi za mafuta, na mafuta hayo yamekaa wapi.

Binamu yangu anabeba magunia Kariakoo. Ana urefu wa mita 1.70 na kilo 80, BMI yake ni 27.7, na kwa kipimo hicho pekee yeye ndiye angepewa onyo nami ningepongezwa. Kiuno chake ni sentimita 82, presha na sukari yake ni salama, na uzito anaodaiwa kuzidisha umo mabegani na mapajani kwa sababu ya kazi yake. Mimi nakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, narudi Mbagala nimekaa kwenye basi, na njiani nilikuwa nanunua chipsi mayai na soda karibu kila jioni. Mikono na miguu yangu ilibaki myembamba, tumbo likabeba kila kitu. Mafuta yanayokaa ndani ya tumbo, yakizunguka ini, kongosho na utumbo, ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu yanamwaga asidi za mafuta kwenye damu iendayo kwenye ini na kuufanya mwili usiitikie vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu.

Kwa sababu hiyo nakuomba usiishie kwenye mizani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, ukiwa umetoa pumzi kwa kawaida bila kulivuta tumbo ndani. Hatari inaanza kupanda kwenye sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na inakuwa kubwa zaidi mwanamume akivuka 102 na mwanamke akivuka 88. Kama huna tepu, kata kamba yenye urefu wako, ikunje katikati ibaki nusu, kisha uizungushe kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako na inafaa ukapime presha na sukari. Mimi nilitakiwa nisivuke 84.

Hata namba ya BMI ina thamani pale tu vipimo vyake vinapokuwa vya kweli. Mizani iliyowekwa kwenye mchanga au lami iliyobonyea haiwezi kusema sawasawa, na urefu wa kukadiria unaharibu zaidi: mtu wa kilo 70 mwenye mita 1.68 ana 24.8, lakini akiandikiwa 1.65 anakuwa na 25.7 na kuhamishiwa kundi jingine kwa kosa la sentimita tatu.

Kuna jambo la mji wetu ambalo linaniuma. Hapa Dar es Salaam kunenepa kunapokelewa kwa salamu ya umenawiri, na kitambi cha mwanamume huhesabiwa kuwa ushahidi kwamba mambo yamemnyookea, wakati anayepungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Nilipoanza kupungua niliulizwa hivyo na jirani, na pia na shemeji yangu. Naielewa hofu hiyo, maana tumezika watu waliokonda. Anayepungua bila kukusudia aende hospitali upesi, kwa sababu kifua kikuu, kisukari, VVU na saratani vinaweza kujitokeza hivyo, na BMI iliyo chini ya 18.5 ina hatari zake. Lakini anayepungua kwa kubadili chakula na kutembea asivunjwe moyo kwa maswali ya namna hiyo.

Kupungua kidogo kunatosha kuleta tofauti. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, watu wenye sukari iliyoanza kupanda waliwekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, na waliopata kisukari wakapungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wasiowekwa kwenye mpango huo. Nami nilifuata kadiri hiyo: soda niliiacha kabisa, chipsi zikabaki za mara moja kwa mwezi, ugali ukapungua sahanini na mchicha na maharage vikaongezeka, na jioni nashuka vituo viwili kabla ya kwangu nikatembea. Baada ya miezi kumi na moja nina kilo 65, BMI 23, kiuno sentimita 89 na sukari 5.6. Presha inashuka hadi 132 kwa 84 nikiwa natumia kidonge, na daktari amenikataza kukiacha kwa sababu tu namba zimependeza. Bado nadaiwa sentimita tano za kiuno.